Mwembe wa marehemu mama unapukutisha maua meusi: ni chumvi ya bahari, ni jicho, au ni ugonjwa?

BintiMikindani, 8 Julai

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nakaa Mikindani, nyumba ya marehemu mama. Uani kuna mwembe dodo aliouotesha mwaka nilioanza darasa la kwanza, kwa hiyo umri wa mti naujua ila hapa siutaji. Kuna mchungwa mmoja, mndimu mmoja, na mipapai mitatu ambayo hakuna aliyeipanda, imejiotea palipokuwa jalala.

Mwaka juzi ule mwembe ulizaa mpaka tukawa tunagawa kwa ndoo. Mwaka jana ukachanua vizuri, maua yakapukutika, tukaambulia maembe ya kuhesabu, na hayo machache yakawa na madoa meusi kama yaliyorushiwa lami. Mwaka huu umechanua tena tangu katikati ya Juni, mti mzima rangi ya shaba, nikasema haya, mama hajatusahau. Wiki hii nikifagia asubuhi nakuta chini pametapakaa vijiua vikavu, vyeusi, ukivishika vinasagika kama majani ya chai.

Jirani anasema ni upepo wa kusi, chumvi ya bahari inaunguza maua. Shangazi anasema mti umepigwa jicho, nifunge kitambaa chekundu. Kijana wa duka moja la pembejeo kaniuzia chupa ya dawa ya wadudu kwa elfu kumi na mbili, akaniambia "piga hii mama, inaua kila kitu." Sijaifungua. Hiyo "kila kitu" ndiyo imenitia wasiwasi, nina kuku wanaoshinda chini ya mti huohuo.

Swali dogo la pili: mchungwa unatoa gundi shinani, rangi ya asali, watoto wanaibandua na kuchezea. Ndivyo michungwa ilivyo au nao unaumwa?

Picha mtanisamehe, kamera ya simu yangu ina ufa, kila nikipiga mwembe unatoka wawili.

---

Pweza_wa_Shangani, 8 Julai

Dada, kitambaa funga, na dawa piga. Mti ukizaa, shangazi na mwenye dawa wagombanie wenyewe sifa.

---

KoroshoNiMaisha (Tandahimba), 8 Julai

Ubwiriunga huo. Salfa ya unga, robo kilo kwa mti, asubuhi, kila baada ya siku 14, mara tano. Kama mkorosho tu. Mjadala umefungwa.

---

MzeeWaNgapa, 9 Julai

Marahaba binti. Na wewe mwanangu wa Tandahimba, mjadala haujafungwa, hata mlango hujauona. Hajasema kama kuna unga. Kasema maua meusi. Mauti ya maua ya mwembe yako ya namna tatu, na ukisimama chini ukatazama juu yote matatu yanafanana.

Mimi ni mstaafu, niko Ng'apa hapa Lindi, uani kwangu kuna miti 14 ya matunda, na iliyokufa mikononi mwangu ni zaidi ya hiyo. Nayasema haya kwa sababu hiyo.

Kwanza, ile chupa iweke mbali na watoto wala usiifungue. Dawa ya wadudu haiui ukungu hata ukiimwaga debe zima. Ila itaua nzi. Unaona wale nzi wadogo wanaozengea maua ya mwembe, unawaona uchafu? Hao ndio wanaobeba mbelewele, yaani chavua, wao kuliko hata nyuki. Ukiwaua wakati mti umechanua, umejikata mkono mwenyewe.

Sasa mtafute mtu mwepesi apande, akukatie mashada matatu: moja la chini ndani kwenye kivuli, moja la kati, moja la upande unaotazama bahari. Yaweke juu ya meza, mwangani. Usitazame maua, tazama kikonyo, yaani kile kijiti kinachobeba maua.

Ukikuta unga mweupe au wa kijivu, kama mtu aliyekanda ngano akashika shada kabla ya kunawa, pangusa. Kidole kikibaki cheupe, huo ni ubwiriunga. Huanza mweupe, kisha ua linakuwa la kahawia, linanyauka, linakuwa jeusi. Watu wengi hushangaa wakiambiwa, lakini ukungu huu hausubiri mvua. Unapenda kiangazi chenye usiku wa baridi na umande, na mvua kubwa hata huusafisha. Juni hadi Agosti kwenye pwani yetu hii ndio msimu wake hasa, na ndiyo maana huko Newala na Tandahimba mashine za salfa hulia miezi hiyohiyo. Ukungu wa mkorosho na wa mwembe tabia zao zinalingana.

Ukikuta hakuna unga, ila vidoa vyeusi kama vichwa vya pini kwenye kikonyo, vingine vimeungana vikawa mstari, hiyo ni chule, ukungu mwingine. Hii inataka maji: mvua za nje ya msimu, ukungu mzito wa hewani asubuhi, mti uliosongamana. Madoa meusi ya maembe yako ya mwaka jana nayahisi ni yake. Chule ina hila moja, hujificha ndani ya embe likiwa bichi na safi kabisa, likianza kuiva ndipo inajitokeza. Umewahi kununua maembe mazuri Jumamosi, Jumanne yakawa na madoa ya chui? Ni hiyo.

Na ukikuta kikonyo ni kibichi, safi, hakina unga wala doa, basi acha maua yaanguke. Shada moja la mwembe lina maua mamia, mengine hufika maelfu, na sehemu kubwa ni madume yasiyoweza kuwa embe. Shada likikupa embe moja au mawili limefanya kazi. Kuna watu wanalipia dawa kwa ajili ya maua ambayo yangeanguka tu.

Kuhusu chumvi, jirani yako apimwe hivi: kama ni chumvi, upande wa bahari utakuwa umeungua kuliko wa nyuma, na ncha za majani zitakuwa zimekauka. Nenda katazame.

Kuhusu jicho sina kipimo.

---

BintiMikindani, 10 Julai

Babu, nimefanya kama ulivyosema. Mpwa wangu kapanda. Alishuka kwa kasi kuliko alivyopanda kwa sababu ya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, wamejenga viota vya majani kama mipira juu kule, wamemng'ata mpaka masikioni. Anataka akawachome moto kesho.

Mashada haya hapa mezani. La chini la kivulini: kikonyo cheupe, nimepangusa, kidole kimebaki kama nimetoka kusukuma chapati. La kati: unga kidogo, na kwenye kijiti kimoja vidoa vyeusi vitano nilivyovihesabu kwa miwani ya marehemu. La upande wa bahari ndilo safi kuliko yote! Jirani nimemwita aje aone, kasema basi ni chumvi ya mwaka jana.

Juu kabisa mashada mengine bado hayajafunguka. Nimechelewa?

---

KoroshoNiMaisha (Tandahimba), 10 Julai

UBWIRIUNGA. Nilisema.

---

MzeeWaNgapa, 10 Julai

Ulisema, mwanangu, na leo umepatia. Saa mbovu nayo kuna wakati inapatia.

Binti, hujachelewa kwa yale ambayo hayajafunguka, wala kwa yaliyofunguka yangali mabichi. Yaliyokwisha kuwa meusi hayarudi. Salfa ni kinga zaidi kuliko tiba, inakaa juu ya kikonyo kumzuia mgeni asiingie. Ndiyo maana kwa kawaida tunaanza mara mashada yanapochomoza, si tukishaona unga. Mwakani andika ukutani: shada la kwanza, salfa ya kwanza.

Hiyo robo kilo ni ya mkorosho mkubwa unaopigwa kwa mashine. Kwako nyumbani una njia mbili. Ukipata salfa ya kuchanganya na maji, tumia bomba la mgongoni la lita 16, na kipimo fuata karatasi ya pakiti yenyewe, usimfuate mtu, hata mimi. Ukipata ile ya unga ya mikorosho usijaribu kuikoroga kwenye maji, itaelea juu kama pumba na kuziba bomba. Ile inataka kurushwa kavu. Asiye na mashine hufunga unga kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, kanga kuukuu inafaa, anautundika kwenye ncha ya ufito mrefu, anaugongagonga chini ya matawi. Vumbi linapanda lenyewe. Fanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungalipo ili unga ushike, na kabla upepo haujaamka. Kwenu Mikindani ikifika saa tatu upepo umeshaanza kazi na salfa yako itakwenda kumkinga jirani.

Funika ndoo za maji, anua nguo, fungia kuku. Vaa miwani na ufunge pua na mdomo. Salfa si sumu kali, lakini ikikuingia machoni utaita majina ya wazee wote.

Nikuambie na kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka ya safari ya Nachingwea, nikapiga salfa kwenye mndimu saa saba mchana, jua la Oktoba linachoma kisogo. Siku ya tatu majani yamebabuka kama yaliyopitishwa motoni. Joto likizidi nyuzi 32 hivi salfa inaunguza mti. Na kama umepiga mafuta ya mwarobaini, au mafuta yoyote ya kuua wadudu, acha zipite wiki mbili au tatu ndipo upige salfa. Vikikutana vinaunguza pia. Hilo nalo nalijua kwa mndimu uleule, maskini.

Chule ya vidoa vitano usiitafutie dawa leo. Makazi yake ni vile vijiti vikavu vilivyokufa juu ya mti na majani yaliyooza chini. Ukishavuna, Februari hivi, kata vijiti vikavu vyote, fungua katikati ya mti mpaka jua liguse shina, lakini usikate zaidi ya theluthi ya mti. Msumeno upanguse kwa spiriti kila ukihama mti. Ulichokata kitoe uani, usikilundike palepale. Baada ya hapo, mashada yakianza kutoka na kukiwa na mvua za ajabuajabu, ndipo unaweza kupiga dawa ya kopa, ile ya ukungu yenye shaba. Uani penye miti michache msumeno utakufaa kuliko kopa.

Majimoto mwambie huyo kijana asiwaguse, wenzangu watamweleza.

Mchungwa nitaujibu jioni, hapa umeme unataka kukatika.

---

MamaSamli_Kilwa, 10 Julai

Mpwa akichoma majimoto nitakuja Mikindani mwenyewe. Hao ni askari wako, tena hawali mshahara. Wanakula na kufukuza mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaonyonya machipukizi mpaka yanakauka, na kwenye minazi wanafukuza kunguni wa minazi anayeangusha vidaka. Hata nzi wa matunda hapendi kutaga kwenye embe lenye majimoto wanapitapita. Huku kwetu wazee walikuwa wanahamisha kiota, wanakata tawi usiku, wanafungia kwenye gunia, wanakwenda kulifunga kwenye mti usio nao, na kamba inafungwa mti hadi mti ili wapite.

Sisemi ni malaika. Wanafuga vidung'ata na vidugamba, vijidudu vinavyonyonya mti na kutoa utamu, halafu majani yanakuwa na masizi meusi. Ukiona masizi, ni juu juu tu, yanafutika. Siku ya kuvuna mpakaze mpwa majivu mikononi na miguuni, watateleza.

Wa kuwaogopa ni sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini shinani. Wakizidi wanawafukuza majimoto, na mti unabaki bila mlinzi.

---

MzeeWaNgapa, 10 Julai, usiku

Umeme umerudi. Mchungwa.

Binti, bila kuja kwako nakuuliza: maji ya kufulia yanamwagwa wapi?

---

BintiMikindani, 10 Julai

Babu umejuaje. Jiwe la kufulia liko palepale chini ya mchungwa. Mama alisema mti unafaidi maji.

---

MzeeWaNgapa, 11 Julai

Mama yako Mungu amrehemu, na wangu alisema vilevile. Mti unafaidi maji mizizini, kule kwenye mzunguko wa kivuli cha matawi. Shina halinywi maji. Shina likishinda na unyevu, vijidudu vya udongoni vinavyosafiri kwa maji hupanda, huingia kwenye gome, na mti unajitibu kwa kutoa gundi. Gundi ikizunguka shina lote, mchungwa umekwisha, utaona majani ya njano upande mmoja, kisha upande wa pili. Gundi yenyewe haiwadhuru watoto, wao ndio wanaoudhuru mti wakibandua gome.

Mimi niliua mchungwa wa miaka tisa kwa mapenzi. Nililundika samadi na udongo shinani mpaka pale ulipoungwa pakafunikwa. Ulikuwa mzuri sana mwaka wa kwanza.

Hamisha jiwe la kufulia. Fukua udongo uliopanda shinani hadi uone mizizi ya kwanza inapoanzia, na pale mche ulipoungwa pawe wazi, juu ya ardhi. Kwa kisu kikali kwangua gome lililokufa, la kahawia, mpaka ufike gome lenye uhai, usipite hapo. Acha pakauke siku moja au mbili. Kisha paka uji wa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa: gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa iliyozimwa, jumla lita moja ya maji. Yeyusha mrututu peke yake, chokaa peke yake, mrututu ndio umiminwe kwenye chokaa huku unakoroga. Tumia ndoo ya plastiki, usitumie ya bati, mrututu unaila. Ukimaliza kukoroga, chovya msumari unaong'aa kwa dakika moja. Ukitoka na rangi ya shaba, mchanganyiko bado ni mkali, ongeza chokaa. Ukitoka kama ulivyoingia, paka. Tumia siku hiyohiyo, wa jana haufai. Na mrututu ni sumu, una rangi nzuri ya buluu inayowavutia watoto, kwa hiyo usiutoe macho.

Mbinu hii ni ya Wafaransa wa mashamba ya mizabibu huko Bordeaux, tangu miaka ya 1880. Mimi nilifundishwa na fundi rangi.

---

Mwalimu_Masasi, 12 Julai

Naongeza la maembe yenye chule ya kujificha, maana nyumbani tunalitumia. Embe lililokomaa, likichumwa tu, liloweke kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika tano, halafu lianike kivulini. Ukungu ulio chini ya ganda unapungua sana. Asiye na kipimajoto: sufuria moja ya maji yanayochemka, sufuria mbili za ukubwa uleule za maji ya mtungini ya nyuzi 28 hivi. Jumlisha 100 na 28 na 28, gawanya kwa tatu, unapata 52. Wanafunzi wangu wa darasa la sita waliipenda hesabu hii kwa sababu iliishia kwa kula.

Embe changa usiliweke, litaungua ganda.

---

Pweza_wa_Shangani, 12 Julai

Nilikuja kucheka, naondoka na daftari.

---

BintiMikindani, 6 Desemba

Nimerudi kama nilivyoahidi kwa Babu.

Salfa nilipata ya unga, nikafunga kwenye kanga, mpwa akagonga kwa ufito. Tulipiga mara nne kati ya Julai na Agosti, mara ya tano alikuwa na mtihani na mimi nikaona uvivu. Ufito wetu ulifika nusu ya mti. Na sasa kaeni mnisikilize: nusu ya chini imezaa, maembe yamening'inia mpaka tawi moja tumeliwekea mhimili. Nusu ya juu haina kitu, majani matupu. Mwembe umesimama kama mtu aliyevaa msuli akasahau shati. Wapita njia wanasimama kuuliza.

Tumechuma 140 mpaka jana, nimeandika kwenye kalenda. Yenye madoa yapo, ila machache. Yaliyoanguka na funza tunayafukia shimo la nusu mita, hatuyatupi jalalani. Hesabu ya Mwalimu nimeifanya, imefanya kazi, ila sufuria tatu kwa wakati mmoja ni vurugu kwa mwenye jiko moja la mkaa.

Mchungwa gundi imekauka upande mmoja, upande wa pili bado inatoa kidogo. Jiwe la kufulia limehama. Ile chupa ya elfu kumi na mbili duka lilikataa kuipokea, imefungiwa stoo.

Kuna tatizo moja. Ile wiki ya Julai, kumridhisha shangazi, niliruhusu kitambaa chekundu kifungwe. Kimefungwa tawi la chini. Sasa anamwonyesha kila mgeni: kilipofika kitambaa kumezaa, kisipofika hakuna. Anasema mwakani kifungwe kileleni.

---

MzeeWaNgapa, 7 Desemba

Mwache akifunge. Ila anayepanda kukifunga apewe na mfuko wa salfa.